Fedha za Dada, Jina Langu

Asubuhi moja ya mwezi Mei mwaka 2022, siku chache baada ya Iddi el-Fitri, nilifuatana na dada yangu mkubwa hadi benki moja mjini Bunda. Alikuwa amerejea wiki hiyo hiyo kutoka Muscat, baada ya karibu miaka kumi na miwili ya kufanya kazi katika nyumba za watu. Mkobani mwake mlikuwa na pasi ya kusafiria, picha mbili ndogo, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wetu huku Nyasura. Haja yake ilikuwa moja. Alitaka anunuliwe vyerehani vinne kwa utaratibu usio na riba uitwao murabaha, ambao benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, naye mteja akalipa kidogo kidogo. Ushonaji alijifunza ughaibuni, usiku, baada ya kazi za mchana, na alikuwa ameweka nia kwamba ufundi huo ndio utakaomlisha nyumbani.

Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza maswali matatu. Una akaunti kwetu? Hapana. Una akaunti katika benki nyingine yoyote, ya hapa au ya huko ulikotoka? Hapana. Je, laini yako ya simu unayopokelea fedha umekuwa nayo kwa muda gani? Dada akatoa simu yake. Laini ile ilikuwa na umri wa siku tatu.

Kijana yule akanigeukia. "Kaka, wewe tunakufahamu," akasema kwa nia njema kabisa. "Ombi hili ungelileta wewe, tungeweza kulifanyia kazi leo."

Dada yangu hakusema neno. Alizikusanya karatasi zake moja moja, akazirudisha mkobani, akasimama. Nami niliinamisha kichwa, kwa kuwa nilijua jambo ambalo kijana yule hakulijua: kila shilingi iliyonifanya nifahamike katika benki ile ilikuwa imetoka katika mikono ya mwanamke aliyeambiwa hafahamiki.

Ndugu msomaji, nimeomba nafasi katika kurasa hizi za familia ili nieleze kisa hiki, si kwa kujisifu wala kwa kutafuta huruma. Naamini kwamba jambo lililotokea nyumbani kwetu limo pia katika nyumba nyingi za Waislamu, na pengine wenye nyumba hizo hawajaliona, kama mimi nisivyoliona kwa miaka kumi na ushei.

Nyasura ni kata mojawapo ya mji wa Bunda, mkoani Mara. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita mjini kwetu, na kwa barabara hiyo watoto wetu huondoka. Zamani wengi walikomea Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi. Katika miaka ya karibuni wamekuwapo wanaovuka bahari, hasa wanawake, kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba. Marehemu baba yetu alikuwa mkulima wa pamba. Alipofariki alituachia shamba dogo, nyumba ya bati lililokwisha kutoboka, na mama. Dada alikuwa ameachika akiwa na watoto wawili. Mwezi wa Shawwal, mwaka 2010, aliwakabidhi watoto wake kwa mama, akaniusia mimi mdogo wake niwe mwangalizi wa nyumba, akaondoka.

Wakati wa utoto wetu, fedha za mtu aliye mbali zilifika kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mkononi mwa mtu: kondakta wa basi, au jirani anayerejea likizo, akiwa na bahasha iliyobandikwa gundi na kuandikwa jina la mama. Ya pili ilikuwa hawala ya posta, uliyoifuata ofisini ukiwa na kitambulisho na subira. Njia hizo zilikuwa za polepole, na fedha nyingine zilipotelea njiani. Hata hivyo zilikuwa na sifa moja ambayo sikuithamini hadi nilipokwisha kuikosa. Juu ya bahasha lilikuwapo jina la aliyetumiwa, na mara nyingi jina la aliyetuma.

Mshahara wa kwanza wa dada ulikuwa rial 60 kwa mwezi. Rial moja ya Oman ina thamani ya zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, hivyo kwa hesabu ya siku zile ilikuwa laki mbili na ushei za Kitanzania. Alituma rial 40. Alikwenda katika duka la kubadilisha fedha siku yake ya mapumziko, akalipa ada, akapewa namba ya siri, kisha akatupigia simu kutusomea namba hiyo. Mama ndiye aliyepaswa kwenda kuzichukua. Lakini mama hakuwa na kitambulisho chochote. Hata kadi ya mpiga kura aliyokuwa nayo ilikuwa imeharibika kwa maji ya mvua iliyopita katika lile bati. Tukakubaliana fedha zije kwa jina langu, "kwa muda tu, hadi mama apate kitambulisho." Maneno hayo nayakumbuka vizuri. Muda huo ulidumu miaka kumi na miwili.

Mwanzoni sikuona kama kuna jambo lolote linalojengeka. Nilichukua fedha, nikampelekea mama zote, nikarudi kwenye shughuli zangu. Baada ya mwaka mmoja, mtumishi wa dirishani alinishauri nifungue akaunti ili nisibebe fedha taslimu barabarani. Nikafungua. Baadaye nikapewa kadi. Kisha huduma za fedha kwa simu, ambazo nchini mwetu zilianza mwaka 2008 kwa kuingia M-Pesa, zikaenea hata vijijini kwetu, na baada ya miaka michache fedha za kutoka nje zikawa zinaweza kuingia moja kwa moja katika simu ya anayepokea. Dada akaanza kuzituma huko. Simu ilikuwa yangu.

Hapa yafaa nieleze jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, kwa kuwa ndipo penye kiini cha kisa. Benki au kampuni ya simu haimjui mtu kwa sura yake wala kwa uchamungu wake. Humjua kwa kumbukumbu. Fedha zinazoingia kwa jina moja, kila mwezi, kwa miaka, ni kama shahidi anayesimama na kusema kwamba mtu huyu ana pato, na pato lake halikatiki. Kwa ushahidi huo mtu hufunguliwa mlango mmoja baada ya mwingine: akaunti, kadi, mkopo mdogo, mkopo mkubwa, uwakala. Shahidi huyo hana habari ya nani aliyeamka saa kumi alfajiri kupiga deki nyumba ya ghorofa mbili. Yeye husoma jina lililoandikwa, basi.

Kwa ushahidi wa jasho la dada, mimi nilikopesheka. Mwaka 2014 nilifungua duka karibu na barabara, na mwaka uliofuata nikawa wakala wa fedha kwa simu. Mtaji wa uwakala ulitoka wapi? Sehemu ulitoka katika fedha alizosema dada, "Ziweke hizo, nitakuja kununua kiwanja." Nilijiambia kwamba nazizungusha tu, na kwamba zikizaa sote tutafaidi. Sikumwandikia. Sikumwambia hata kwa mdomo. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami nilikuwa na daftari dukani, la sukari, la sabuni na la madeni ya majirani. Sikuwa na daftari la dada yangu.

Hesabu za kitaifa zinaonesha kwamba mlango huu wa simu umewaingiza wengi. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2017 ulionesha kwamba watu wazima 65 katika kila 100 nchini walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha, na ule wa mwaka 2023 ukaonesha kuwa wamefika 76. Wanaotumia benki walikuwa 22 tu katika kila 100. Wengi waliobaki wameingia kwa simu. Ni habari njema, na mimi wakala nimeshuhudia kheri yake: mjane aliyekuwa akificha fedha ndani ya gunia la mtama sasa huziweka mahali ambapo panya hafiki. Lakini kila ninapozisoma hesabu za namna hii hujiuliza swali moja. Katika nyumba yetu, aliyehesabiwa kuwa ameingia ni nani? Ni mimi. Mama aliyekuwa akila fedha hizo hakuhesabiwa, na dada aliyekuwa akizichuma hakuhesabiwa, kwa kuwa hata huko Muscat mshahara alipewa mkononi, naye akaupeleka dukani kutumwa ukiwa taslimu. Fedha zilitoka mkono usio na jina, zikapita katika jina langu, zikaishia katika mkono mwingine usio na jina.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilikuja nafasi ya kulirekebisha hilo. Laini zote za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Wakati huo mama alikuwa amekwisha kupata namba yake, alhamdulillah. Nilimpeleka kwa msajili. Akabonyeza kidole cha shahada cha kulia, mashine ikakataa. Cha kushoto, ikakataa. Vidole vya mama vilikuwa vimelainishwa na mpini wa jembe kwa miaka hamsini. Mistari ambayo mashine iliitafuta ilikuwa imebaki shambani. Msajili, akiwa na foleni ndefu nyuma yetu, akaniambia, "Isajili kwa jina lako, mzee asisumbuke." Nikaweka kidole changu. Mama akafurahi kwamba simu yake haitafungwa. Nami nikafurahi kwamba tumemaliza. Hivyo laini ya mama nayo ikawa yangu.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu ni nzito. Mwishoni mwa mwaka huo huo duka liliyumba. Simu yangu ilikuwa ikiniletea ujumbe kwamba ninastahili mkopo wa papo kwa papo, bila dhamana, bila mdhamini. Nilijua kuwa mkopo ule una nyongeza inayokua kwa siku; nilijua hukumu ya riba kama kila mtoto wa madrasa anavyoijua. Nikajitafutia udhuru kwamba ni ada tu. Nikakopa, nikakopa tena kulipa wa kwanza. Siku moja dada akapiga simu: ametuma laki moja na nusu, mama apelekwe Musoma kwa ajili ya shinikizo la damu, dawa zake zimekwisha. Ujumbe wa fedha kuingia ukafika. Baada yake ukaja ujumbe wa pili, kwamba deni langu limekatwa. Zilibaki shilingi elfu kumi na tatu.

Nilikaa nyuma ya meza ya duka langu nikiitazama namba ile. Fedha za dawa za mama yangu, alizozipata dada yangu kwa kuosha vyombo vya watu, zilikuwa zimelipa riba yangu, na hakuna aliyeziiba isipokuwa mimi. Siku ile niliuza magunia mawili ya mahindi kwa bei ya kutupa, nikampeleka mama hospitali kesho yake. Alipata dawa, na Allah (s.w.) alimhifadhi. Lakini alichelewa siku moja kwa sababu yangu, na sikumwambia yeye wala dada. Julai mwaka 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu, za kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, nilikuwa wa kwanza kulalamika barazani kwamba fedha za masikini zinakatwa. Ni kweli zilikuwa zikikatwa, na baadaye tozo hizo zikapunguzwa. Kwa makato yangu mimi nilinyamaza.

Haya yote yalikuwa kifuani mwangu siku ile tuliyotoka benki. Tulitembea kwa miguu kurudi Nyasura. Jua lilikuwa kali, na dada alikuwa akitembea mbele kidogo. Tulipokaribia nyumbani akasimama kivulini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, miaka yote ile nilikuwa nikimtumia nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule, baada ya swala ya isha, nilimweleza kila kitu mbele ya mama: duka, mtaji, mkopo, siku ya dawa. Mama alilia. Dada hakulia. Aliniambia jambo ambalo lingali masikioni mwangu, kwamba fedha angenisamehe, maana tumenyonya ziwa moja, lakini kilichomuuma ni kurudi kwao akiwa mgeni, mtu mzima asiye na karatasi hata moja inayosema kwamba aliwahi kufanya kazi.

Ijumaa iliyofuata tulimwendea sheikh wetu. Sikutegemea maswali aliyoniuliza. Hakuuliza kwanza ni kiasi gani. Aliuliza, "Alipozituma, alizituma kwa nia gani? Zipi zilikuwa ihsani kwa mama, zipi masurufu ya wanawe, na zipi alikuwekea amana?" Kisha akatukumbusha Suratul Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, nayo haizungumzii swala wala funga bali uandishi wa deni: kwamba liandikwe, likiwa dogo au kubwa; kwamba anayedaiwa ndiye aliyetakiwa kutamka; na kwamba wawepo mashahidi. Akatukumbusha pia Suratun Nisaa, aya ya 32, inayothibitisha kwamba wanawake wana fungu lao katika walichokichuma kama wanaume walivyo na lao. "Dada yako alichuma," akasema. "Wewe ulipokea. Kupokea si kumiliki."

Nilichukua wiki tatu kuandika. Karatasi za miaka ya mwanzo zilikuwa zimepotea, lakini tangu mwaka 2014 kumbukumbu za simu na taarifa za akaunti zilikuwapo. Niliziomba, nikazipanga mwezi kwa mwezi. Jumla ilikuwa shilingi milioni 28 na laki nne. Tulizigawa kwa nia, kama sheikh alivyoelekeza. Milioni 16 na laki nane zilikuwa masurufu na ada za shule. Dada alisema hizo zimefika zilikokusudiwa. Milioni 4 na laki nne zilikwenda katika bati jipya na matibabu ya mama; nazo zimefika. Zilizobaki, milioni 7 na laki mbili, alizikusudia kiwanja chake, nami nilizitia dukani. Hizo ni amana iliyogeuka deni.

Katika fiqhi neno hawala lina maana ya kuhamisha deni kutoka dhima ya mtu mmoja kwenda dhima ya mwingine. Nilikuwa nimelitumia neno hilo maisha yangu yote kwa maana ya fedha za posta tu. Nilipolisikia kwa maana yake ya asili nilielewa hali yangu. Kila mara fedha za dada zilipohama kuja kwangu, deni nalo lilihama likaja kukaa shingoni mwangu, nami sikulihisi kwa kuwa halikuandikwa.

Tuliandikiana mbele ya mashahidi. Milioni 4 zikawa hisa yake katika duka, na faida yake hugawanywa kila robo ya mwaka. Milioni 3 na laki mbili namlipa laki moja kila mwezi. Hapo dada, ambaye shule aliishia darasa la saba, akatoa shauri ambalo lilitupita sote. "Usinipe mkononi," akasema. "Nifungulie njia uliyofunguliwa wewe." Akafungua akaunti isiyo ya riba kwa jina lake, na mimi huingiza laki moja kila tarehe tano, na faida ya hisa zake, na yeye huingiza ujira wa nguo anazoshona kwa cherehani kimoja cha kuazima. Kumbukumbu za miaka kumi na miwili haziwezi kuhamishwa. Hakuna hawala ya sifa njema. Jina lake ilibidi lijengwe upya kuanzia shilingi ya kwanza. Lakini sasa linajengwa, na deni langu ni tofali mojawapo.

Mama naye dada alimrudisha kwa msajili. Walikwenda mara tatu. Mara ya tatu alimwosha mikono kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta, na wakajaribu kidole kimoja baada ya kingine hadi gumba la kushoto likasomeka. Mama alirudi akiishika simu yake kama mtu aliyekabidhiwa hati ya shamba. Ana miaka zaidi ya sabini, na ilikuwa mara ya kwanza fedha kuweza kumfikia bila kupita kwa mtoto wake wa kiume.

Kwa kisa hiki, naomba niwausie ndugu zangu machache.

Kwanza, kabla mtu hajasafiri, awe na akaunti na laini kwa jina lake mwenyewe, na aziache hai. Benki kadhaa nchini zina akaunti za Watanzania walioko nje. Akituma, azigawe fedha tangu huko: za mama ziende kwa mama, za kwake ziende kwake. Asiseme "niwekee" kama anaweza kujiwekea.

Pili, mzee anayetumiwa fedha apokee mwenyewe. Tusifanye haraka kuweka vidole vyetu mahali pa vidole vyao kwa kuwa foleni ni ndefu. Mtoto amsaidie mama kubonyeza, asiwe yeye ndiye mama.

Tatu, tuwe na habari ya gharama. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama ya kutuma fedha za wahamiaji ishuke chini ya asilimia 3, lakini takwimu za Benki ya Dunia zimeendelea kuonesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiko ghali kuliko kanda nyingine zote. Kulinganisha ada na bei ya kubadilishia fedha kabla ya kutuma si ubahili. Ni kuchunga jasho.

Nne, tusiseme kwamba tumelazimika kuingia katika riba. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia, na benki kubwa za kawaida zimefungua madirisha ya aina hiyo, ikiwamo CRDB kwa huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Tuulize masharti na tusome mikataba. Huo mkopo wa simu unaojileta wenyewe usiku, tujue kwamba hulipwa na fedha ya kwanza itakayoingia, na fedha hiyo haiulizwi ilikuwa ya nani.

Tano, tuandike. Daftari la shilingi elfu moja lenye tarehe, kiasi na nia ya mtumaji lingeniepusha na fedheha hii yote. Ndugu kuandikiana si kutiliana shaka. Aliyeamrisha kuandika anatujua kuliko tunavyojijua.

Hadi naandika haya, nimelipa miezi kumi na tisa. Mwezi uliopita tulirudi benki ile ile. Kijana mwenye adabu alikuwa bado yupo. Aliitazama taarifa ya akaunti ya dada, akauliza maswali yake, akaenda kuzungumza na wakubwa wake. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: watamnunulia vyerehani viwili, si vinne. Dada alisema viwili vinatosha kuanzia. Alipotakiwa kutia saini, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ofisa akaniashiria kwa mkono nikae kwenye benchi kule nje, kwa kuwa shughuli ile haikunihusu. Nikaenda nikakaa.

Tunamwomba Allah (s.w.) awahifadhi dada zetu na kaka zetu walio mbali, abariki chumo lao, na atujaalie sisi tunaopokea tuwe wenye kuzifikisha amana kwa wenyewe. Wabillahi tawfiq.